Majani Aliyoyachuma Shangazi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, baada ya mvua ya mchana.

Mpendwa binamu yangu Bingwa,

Pokea kwanza salamu zangu, na swali lile lile ambalo kila mwaka unalijibu kwa neno moja: hujambo? Sisi huku tunaendelea. Mimi kifua kilinibana wakati wa baridi, kikaachia chenyewe. Mume wangu fundi saa goti linamsumbua kwenye ngazi, ila mdomo wake ni mzima kabisa, haujaugua tangu nimjue. Mama yako, shangazi yangu, mwili wake hauna neno. Ya moyoni nitakueleza.

Barua yako ya mwisho ilifika. Ilikuwa fupi kama dada zake: u mzima, kazi inakwenda, tusiwe na wasiwasi. Nimeona pia anwani imebadilika tena, mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na hukusema kwa nini. Sikuulizi. Hamkuniita Mkavu bure, kama ambavyo wewe hatukukuita Bingwa bure, kwa kushika mkia katika kila mbio za shule.

Ila kuna mstari mmoja ulikuponyoka mwishoni. Umelalamika kwamba dirisha la chumba chako ni moja tu, na hilo moja limezibwa na majani ya viazi yanayotoka kwenye kopo la rangi. Kwa ajili ya mstari huo barua hii itakuwa ndefu. Tafuta kiti.

Kazini bado nipo pale pale, kituo cha vipando, tunakokuza mashina ya viazi vitamu ya kuwagawia wakulima. Wamenitoa ofisini, wakanipeleka banda la neti. Watu walinipa pole kana kwamba nimefiwa, lakini mimi nimepapenda. Huko ndani ni kimya, hakuna simu, na neti inawazuia nje inzi weupe wanaosambaza magonjwa. Inawazuia pia wafanyakazi wenzangu wanaokuja kuomba sukari.

Bandani nimekutana na mmea ambao nataka uujue kabla sijamfikia mama yako. Ni mmea wa mwituni, unatambaa, na ni ndugu wa damu wa kiazi kitamu. Majani yake ni mapana, yana umbo la moyo. Ua lake la zambarau linafunguka alfajiri na mchana limeshasinyaa. Shina lina nywele ngumu kama mguu wa fundi saa. Ukiupa kamba unapanda hadi kwenye paa, na ukiuchimbua chini huna cha kupeleka jikoni. Nje ya uzio wetu ni gugu, unang'olewa bila huruma. Ndani ya banda tunaulea kama yai.

Sababu ni kwamba kiazi kitamu ni hodari wa kuficha maradhi. Shamba linaweza kuwa na virusi miaka nenda miaka rudi, na majani yakabaki ya kijani kibichi, yanacheka na jua. Mwenye shamba anaona tu kwamba kila mavuno viazi vinapungua unene, mwisho anachimbua vitu kama vidole vya mtoto, analaumu udongo. Ndugu yake wa mwitu hana kipaji hicho cha kuficha. Akiugua, anaugua hadharani.

Basi tunakata kipande cha shina la kiazi, tunakichonga ncha, tunakipachika katika mpasuko wa shina la mwitu, tunafunga kwa utepe wa plastiki na kukivika mfuko mpaka vishikane. Maji ya kimoja yakianza kupita ndani ya kingine, tunasubiri. Kama kiazi ni kizima, mwitu unaendelea na maisha yake. Kama kiazi kinaumwa, majani mapya ya mwitu yanatoka yamejikunja, mishipa yake ya njano, na kila mtu anajua. Ndiyo maana sisi bandani tunauita Shemeji. Tunauoza kwenye nyumba ya watu, na haupiti muda umeshamwaga mtama kwenye kuku wengi.

Sasa nije kwa Hawagombani. Wewe umekula viazi hivyo kabla hujaota meno, lakini acha niseme, maana watu husahau. Ni mbegu ya bibi yetu, aliyeipa jina hilo kwa sababu shimo moja lilitosha watoto wote bila mtu kumpiga mwenzake. Mama yako aliirithi, akaifanya kuwa sheria ya mtaa. Kila anayehamia hapa hupewa fungu la vipando na mama yako kabla hajaonyeshwa bomba la maji liko wapi. Kinyozi anavyo nyuma ya duka. Mwalimu wa chekechea anavyo kando ya bembea. Mjane wa ghorofani anavyo kwenye magunia ya udongo juu ya paa. Hajawahi kumtoza mtu hata senti.

Mkuu wa kituo chetu, mama mmoja anayevaa miwani kifuani kuliko usoni, alionja Hawagombani nyumbani kwangu. Alikula, akaongeza, akauliza ni mbegu gani. Akasema ikipimwa ikatoka safi, kituo kitaizalisha kwa wingi na kuigawa wilaya nzima, na kibao cha kitalu kitaandikwa jina la mama yako kama mwenye mbegu.

Nilimpelekea shangazi habari hiyo mwenyewe. Alikaa chini. Kisha akasimama, akaenda kununua viatu vya siku ya kibao. Binamu, nimeishi mtaa mmoja na mama yako tangu nizaliwe, na sijawahi kumwona akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe. Hiki alikitaka. Alikwenda na habari ya kibao saluni, sokoni na kanisani, mpaka kinyozi akaanza kumwita Mheshimiwa.

Shemeji nilimuoza kwa mkono wangu, nikatumia shina nililolikata kwenye shamba la mama yako lenyewe. Nilikuwa namkagua kila siku. Ijumaa moja nikaona majani matatu mapya yamejikunja, na mishipa yake imechorwa njano kama ramani. Sikumwambia mtu, kwa kuwa mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na kusema ni kazi yake, si yangu.

Jumamosi mama yako akaja bandani. Alisema amekuja kumwona mkwe wake. Alikuwa na viatu vile vipya, na alinukia sabuni. Nilimvisha koti jeupe, nikamkanyagisha kwenye sifongo ya dawa, nikamwonyesha Shemeji atakayekaguliwa Jumatatu. Alimsalimia. Nadhani nilitaka ayaone mwenyewe yale majani, nisiwe mimi wa kutamka. Mara nikaitwa getini kupokea udongo, na aliyeuleta alikuwa msemaji. Niliporudi shangazi alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, mikono mapajani, ametulia kama maji ya mtungi. Tukaondoka pamoja.

Jumatatu mkaguzi alipita mmea kwa mmea. Alipofika kwa Shemeji wa Hawagombani akainama, akainuka, akasema huyu safi, akaanza kuandika. Nami nikatazama. Alikuwa safi kweli, anang'aa. Yale majani matatu hayakuwepo. Palikuwa na vikonyo vitatu tu, vimekatwa kwa ukucha, vizuri sana.

Unaijua mikono ile. Haijawahi kupita kwenye jani bovu ikaliacha. Benki mlinzi alimtoa nje kwa kupukutisha maua ya chungu cha meneja. Siku tulipomzika baba yangu, mama yako alisafisha mashada ya familia ya kaburi la jirani, huku machozi yanamtoka. Mimi na wewe tulipigwa makofi ya mikono tukiacha jani la njano shambani, na tulifundishwa kwamba jani bovu moja linaondoka na bustani nzima.

Mkaguzi alikuwa hajamaliza kuandika. Ningeweza kutazama pembeni, na Hawagombani ingepita, kibao kingewekwa, mama yako angevaa viatu vyake. Halafu wilaya nzima ingepanda ugonjwa huo kwa shangwe, na mwaka wa tatu watu wangechimbua vidole vya mtoto. Nikamwambia, "Huyu usimpitishe."

"Mbona hana kitu?" akaniuliza.

Nikamwonyesha vikonyo. Akaniangalia mimi, akaangalia vikonyo, akafuta alichoandika. Tulisubiri majani mengine yachipue. Yalitoka njano kuliko yale ya kwanza. Mkuu wa kituo akafunga suala, na bandani wakaanza minong'ono kwamba yule mama alifanya makusudi kuficha. Niliwaambia hapana. Hawakuniamini, na sikurudia.

Nilikuwa nimekwenda kwa shangazi mchana wa Jumatatu ile ile. Nilimkuta uani anaanua nguo. Sikuzunguka.

"Shangazi, ile Jumamosi ulichuma majani ya ule mmea?"

"Nimeyachuma, ndiyo. Yalikuwa mabovu. Mgeni anakuja, na wewe hujapangusa nyumba? Nimekulea hivyo?"

"Yale mabovu ndiyo tuliyokuwa tunayangoja. Ndiyo yanayosema kiazi kinaumwa."

Aliendelea kukunja shuka. Alilikunja hadi likawa dogo mno, halafu akalikunjua akaanza upya.

"Kwa hiyo ungenyamaza, ningepita."

"Ungepita."

"Na hukunyamaza."

"Sikunyamaza, shangazi."

Akanipa kisogo, akaingia ndani. Roho iliniuma, Bingwa. Neno hilo naliandika hapa kwa kuwa kwa mdomo silijui. Nilitembea hadi nyumbani nikamwambia fundi saa nimeharibu, naye akaweka chini saa aliyokuwa anaifungua, akanivutia kiti.

Baada ya hapo mama yako hakuja kwangu. Nilimpelekea mchuzi kwenye bakuli; bakuli likarudi kwa mkono wa mume wangu, limeoshwa, tupu. Na unajua mama yako hajawahi kurudisha bakuli la mtu likiwa tupu, hata la yule jirani waliyeshtakiana naye kwa ajili ya mfereji. Kanisani alikaa upande wa pili. Mheshimiwa aliacha kupita kwa kinyozi.

Kisha alasiri moja nimetoka kazini nikaona moshi uani kwake. Nikakimbia, nikidhani ni nyumba. Kumbe ni shamba. Alikuwa ameng'oa Hawagombani yote, mpaka mizizi, amekusanya rundo na kulichoma, na ardhi iko tupu imefagiliwa. Hakuna aliyemwamuru. Kituo kilikataa mbegu, basi; shamba la nyumbani ni la mwenyewe. Na yeye hakuwepo.

Nilimtafuta mtaani. Kinyozi, wembe mkononi na mteja nusu kichwa, akanieleza alivyopita kwake.

"Kaingia hapa, hata kukaa hajakaa. Kaniambia, kile nilichokupa kinaumwa, sikujua, king'oe ukichome. Nikamwambia mama, mbona majani yamependeza? Akasema hivyo ndivyo vinavyodanganya."

Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba, Bingwa. Mzunguko ule ule wa kugawa vipando, sasa anaupita akiomba vichomwe, na kila mlango anasema yeye ndiye aliyeleta. Mwalimu wa chekechea alilia, akang'oa. Mjane wa ghorofani alikataa katakata, akasema viazi vya mumewe marehemu havitoki pale. Mama yako akapanda ngazi zote zile, akakaa naye juu ya paa mpaka jua likapungua, na waliposhuka walikuwa wameshika magunia pamoja. Mimi nilisimama upande wa pili wa barabara. Sikumsogelea. Nilimwonea fahari ambayo sina pa kuiweka.

Siku chache baadaye alikuja bandani. Safari hii alivaa viatu vya zamani. Alikanyaga sifongo bila kuambiwa, akasimama mbele ya Shemeji na majani yake ya njano. Akaniuliza kama ndiyo mwisho wa mbegu ya mama yake. Hapo ndipo nilipomsomea mstari wako wa kopo la rangi.

Nikwambie jambo ambalo hukuwahi kuambiwa. Siku ile ulipohama na ndoo ya vipando mkononi, mama yako aliamini utaitupa stendi, kwamba kijana wa suruali ya pasi hawezi kusafiri na majani. Hakuwahi kukuuliza, kwa kuogopa jibu. Nilipomsomea kwamba majani yapo dirishani mwako na yanakuzibia mwanga, alishika nguzo ya banda. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

Sasa sikiliza vizuri. Mkuu wa kituo anadhani ugonjwa uliingia hapa mwaka ule wa ukame, inzi weupe walipokuwa kama unga hewani. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Kwa hiyo kopo lako linaweza kuwa na Hawagombani nzima, ya mwisho iliyobaki. Linaweza pia kuwa na ugonjwa. Hilo atatuambia Shemeji, si mimi wala wewe. Nimeshaandaa mmoja kwenye chungu kipya, anapanda kamba yake, hana habari.

Kata mashina machache, kila moja urefu wa mkono wako hadi kiwiko. Yazungushie gazeti bichi, kisha mfuko, umpe dereva wa basi la asubuhi, nitayapokea stendi mwenyewe. Usikate yote. Lililobaki liache dirishani, hata kama utaendelea kusoma kwa taa mchana. Yakitoka safi, mkuu wa kituo amesema neno lake halijabadilika. Yakitoka mabaya, tutachoma na hayo, na wewe utapata mwanga wako.

Nisalimie wale unaoishi nao, kama wapo, maana hukuwahi kututajia. Fundi saa anakusalimu, anasema saa yako ya mkono aliitengeneza zamani, imechoka kukungoja. Mjane wa ghorofani anakusalimu. Kinyozi anasema nywele zako bado anazikumbuka, na hazikuwa nyingi. Mwalimu wa chekechea, uliyemwandikia barua enzi zile ukasingizia ni mtihani wa Kiswahili, naye anakusalimu, na ana watoto wawili.

Mama yako amekaa hapa mezani ninapoandika. Amekuja na bakuli langu, na halikuwa tupu. Amesema yeye siku ya kuoza Shemeji atakuwepo, na kwamba mikono yake ataikalia. Nimemwuliza ana neno gani la kukutumia. Amefikiri, halafu akasema: "Mwambie asichume hata jani moja. Bovu, zima, alete yalivyo."

Nimeandika. Nikadhani amemaliza, nikaanza kukunja karatasi. Akaweka kidole juu ya bahasha yako ya mwisho, penye ile anwani mpya, akasema:

"Na barua zake pia."

Mungu akuweke, akupe chakula na mwanga wa kutosha, na akupe watu wa kukuuliza hali wasikubali neno moja.

Ni mimi nikupendaye, ingawa husikii nikilisema,
Mkavu